Nyumba ya Wasio na Kwao

Voahirana alimwona Bi Saholy kabla hajamwona Tahina, mpenzi wake. Hawakuwahi kukutana, ila alimtambua kwa macho yake. Yalikuwa macho ya Tahina yaleyale, makubwa na yenye usingizi kidogo, ila haya yalikuwa katika uso wa mama mtu mzima aliyejitanda shali nyeupe begani na kupanda ngazi za ukumbi taratibu, akimshika mwanawe mkono.

Tangu asubuhi Voahirana alikuwa amesimama kando ya kazi zake katika ukumbi ule wa Faravohitra, mahali ambapo wasanifu majengo chipukizi wa Antananarivo walionyesha michoro na mifano ya majengo yao. Siku za kazi alichora majiko na gereji za watu katika ofisi ya Bwana Solofo. Michoro hii ya ukutani ilikuwa yake mwenyewe, na hakukuwa na jengo lake hata moja lililowahi kusimama juu ya ardhi.

"Hii ni shule," alikuwa akiwaeleza wapitao. "Mafuriko yakiingia mashamba ya mpunga, inapanda na maji. Hizi ni ngazi za mjini, zimebeba nyumba mgongoni. Hapana, haijajengwa. Hapana, hakuna aliyesema ataijenga. Ni wazo tu."

Wazo la kumleta mama hapa lilikuwa la Tahina. Walikuwa wamependana mwaka wa tatu sasa, na mara zote alipogusia kumpeleka nyumbani, mama yake aliuliza swali moja ambalo Tahina alilikwepa. Basi akaona heri mama aanze kuona akili ya binti, halafu mengine yafuate.

"Onyesha shule na ngazi," alimsihi wiki iliyopita. "Ile ya tatu iache nyumbani. Nakuomba."

"Ile ya tatu ndiyo iliyowafanya wanichague, Tahina."

"Basi mama akiuliza, mjibu juujuu."

Sasa walikuwa mbele yake. Tahina alikuwa amevaa koti lake la pekee, lile alilolivaa pia alipokwenda kuzalisha ng'ombe wa matajiri, maana alikuwa daktari wa mifugo, na harufu ya nyasi kavu haikumtoka hata aogeje. Alimtazama Voahirana haraka, akatabasamu.

"Mama, huyu ndiye Voahirana."

"Namjua," alisema Bi Saholy, akimpa mikono yote miwili. "Huyu mwanangu siku hizi anachana nywele. Nikajua kuna mtu."

Voahirana alicheka, na hofu yake ikapungua. Bi Saholy hakuwa mtu wa kujifanya. Alisimama mbele ya ile shule muda mrefu, akainama kuangalia jinsi nguzo zilivyoshikwa na kamba, akauliza watoto watavukaje, akauliza vyoo viko wapi. Kwenye ngazi aliweka kidole juu ya nyumba ndogo ya kadibodi na kusema, "Mimi ningekaa hii. Ina jua la asubuhi." Voahirana alimwangalia Tahina, na Tahina naye alikuwa akimwangalia, macho yamejaa matumaini kiasi cha kumtia mtu huruma.

Kisha Bi Saholy akafika kwenye kazi ya tatu.

"Na hii?"

"Ni kaburi, Mama."

Ilikuwa mfano wa kadibodi wa nyumba ndefu ya matofali, nusu yake chini ya ardhi, na milango pande zote nne. Ndani kulikuwa na vitanda vya mawe, kimoja juu ya kingine, kama makaburi yote ya nyanda za juu. Bi Saholy aliinama, akatafuta kitu juu ya milango, asikione.

"Hujaandika jina la ukoo."

"Halina ukoo, Mama. Ndilo wazo lenyewe. Ni kwa wasio na kwao, wasiojua wazee wao wamelala wapi."

"Wapo watu wa namna hiyo?"

"Wapo. Mjini hapa wapo wengi."

Tahina alikohoa. "Mama, chini wanauza chai na vitumbua. Twende kabla havijaisha."

"Subiri, mwanangu." Bi Saholy aliendelea kumtazama Voahirana, na sauti yake ilikuwa ya upole uleule. "Tahina ameniambia kaburi la kwenu liko mbali, kusini. Nilitaka kujua ni kijiji gani. Marehemu mume wangu alikuwa na marafiki wengi huko."

Swali ndilo lile. Voahirana aliona mkono wa Tahina ukikunja ukingo wa koti. Angeweza kutaja kijiji chochote. Baba yake alikuwa ametaja kijiji kimoja maisha yake yote na hakuna aliyekwenda kukihakiki. Lakini alikuwa amesimama mbele ya kazi aliyoichora kwa miezi, usiku baada ya kutoka ofisini, akilia mara nyingine bila kujua analilia nini, na ulimi wake ukakataa.

"Hatuna kaburi, Mama. Babu yangu amezikwa kwenye makaburi ya manispaa. Waliomtangulia sijui."

Bi Saholy alirekebisha shali yake begani. Usoni hapakuwa na dharau wala hasira, ila mlango fulani ulikuwa umefungwa, na Voahirana aliuona ukifungwa.

"Asante kwa kuniambia kweli," alisema. "Kazi yako ni nzuri sana, mwanangu. Mungu akuzidishie." Kisha akamgeukia Tahina. "Gari umeliacha wapi?"

*

Mzee Razaka, baba yake Voahirana, alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa la Isotry, mtu mpole asiyependa kelele nje ya wimbo. Alimsikiliza bintiye mpaka mwisho huku wali na mboga vikipoa kwenye sahani.

"Ulisema mbele za watu?"

"Mbele ya mama yake tu. Na Tahina."

"Ningekuwa mimi ningesema Ambalavao." Alisukuma sahani pembeni. "Nimesema Ambalavao tangu nina miaka kumi. Sijawahi kufika. Sijui hata kama kuna mlima au hakuna."

"Samahani, Baba."

"Samahani ya nini? Babu wa babu yangu alinunuliwa sokoni, akaletwa hapa na waliomnunua. Wewe hukumnunua." Alifuta makombo mezani. "Mama yako aliolewa nami akiamini Ambalavao."

"Alikuja kujua?"

"Siku ya kumzika mama yangu. Gari lilipokata kona kuelekea makaburi ya manispaa, nikamwona anaelewa. Nikangoja aseme. Hakusema. Alinishika mkono, tukateremka." Alimtazama bintiye. "Huyo kijana atakushika mkono?"

"Sijui, Baba."

"Basi usimlaumu kabla hujajua."

Tahina alikuja Jumapili. Walitembea pembezoni mwa mji, mahali mashamba ya mpunga yalipokuwa yamekauka na watu wakikata udongo wa matofali. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, akamvika Voahirana koti lake. Ni Voahirana aliyeanza.

"Mama amesema nini?"

"Hakusema siku ile. Jana aliwaita baba zangu wadogo." Tahina alipiga teke bonge la udongo. "Wamesema nikikuoa, sina nafasi."

"Nafasi gani?"

"Unajua nafasi gani."

Alijua. Kila mtu wa nyanda zile anajua. Mtu anaweza kugombana na nduguze, akahamia ng'ambo, akafilisika, akafungwa, na mwisho wa yote atarudishwa akalazwe kando ya baba yake. Akinyimwa hilo, ni kama hakuzaliwa. Hakuna laana inayopita hiyo, na wazee wa Tahina walikuwa wameitamka wakiwa wameketi, bila kupandisha sauti.

"Na wewe ukawajibu nini?"

"Nikawaambia basi, nitalala kwako."

Voahirana alicheka bila kutaka. "Kwangu ni kadibodi, Tahina. Mvua moja tu."

"Sifanyi mzaha." Alisimama, akamshika mabega. "Ijenge. Tutatafuta kipande cha ardhi, hata kidogo, hata porini. Matofali haya hapa. Wewe si ndiye uliyeichora? Watu wa kwanza kulala humo tuwe mimi na wewe."

Tangu amalize chuo, Voahirana alikuwa amengoja mtu mmoja atazame mchoro wake wowote na kumwambia, ijenge. Aliwahi kuota namna atakavyofurahi. Sasa neno lilikuwa limetoka katika kinywa anachokipenda kuliko vyote, na mwili mzima ulikuwa wa baridi ndani ya lile koti.

"Kaburi si ukuta," alisema polepole. "Mimi nimechora kuta. Kaburi ni watu. Nani atakuja kutufungulia mlango? Nani atatutoa nje kila baada ya miaka, kama mila ilivyo, atubadilishe sanda, atubebe akicheza?"

"Watoto wetu."

"Peke yao? Bila shangazi, bila bibi, bila binamu hata mmoja wa kushika upande wa pili wa mkeka?"

Tahina alimvuta kifuani akamkumbatia kwa nguvu.

"Nipe mpaka baridi iishe," alimnong'oneza nyweleni. "Mwezi ujao tunamgeuza baba, tunafungua kaburi tumvike sanda mpya. Ni mara ya kwanza tangu afariki. Sitaki kugombana nao kabla ya hapo. Ikishapita, nitakuja kukuchukua."

"Nitangoja," alisema Voahirana. Alisema kwa sababu alimpenda.

Hazikupita siku nyingi, Bwana Solofo akamwita mezani kwake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyependa kuwatania wafanyakazi wake.

"Binti wa majengo ya hewani, leo umepata la ardhini. Kuna familia ya Ambohitsoa wanataka kaburi lao liongezwe. Lipimwe, lichorwe, mwashi aanze kabla ya mvua. Wamekutaja wewe kwa jina."

Voahirana hakuuliza ni familia gani; Ambohitsoa ndiko kwao Tahina. "Mtume Haja, mzee. Yeye ana uzoefu."

"Nilishawaambia hivyo. Mama mwenyewe amesema ni wewe, la sivyo waache. Aliona kazi yako kule Faravohitra." Bwana Solofo alimkazia macho. "Kuna tatizo?"

"Hakuna."

"Basi utakwenda siku ile wanayofungua, maana wakishafunga wamefunga kwa miaka."

*

Ambohitsoa yote ilikuwa juu ya kilima siku ile. Tarumbeta na ngoma zilisikika tangu barabarani, na vumbi jekundu lilikuwa limetanda juu ya mikaratusi. Watu wa ukoo walikuwa wamevaa kitambaa kimoja, wanawake magauni, wanaume mashati na kofia za majani. Kwenye masufuria makubwa wali na nguruwe wa mafuta vilikuwa tayari. Wazee waliokufa walikuwa wameshatolewa kaburini na kulazwa kwenye mikeka mapajani mwa watoto wao, na kila mtu alikuwa akizungumza na wake, akimpapasa, akimpa habari za nyumbani.

Bi Saholy alikuja kumpokea. "Umekuja. Asante."

"Niliagizwa, Mama."

"Najua. Utaingia watakapomaliza kuwafunga sanda mpya. Usiogope wazee, mafundi huruhusiwa."

Fundi huruhusiwa. Voahirana alilimeza neno lile. Akasimama kando ya ukuta na mkoba wake wa vipimo, na ndipo alipomwona Tahina.

Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, na baba yake yuko mapajani mwake, amefungwa hariri nyeupe. Kando yake alipiga magoti binti mmoja mwembamba, mzuri, ameshika kofia ya Tahina isichafuke. Tahina hakumwona binti yule wala mtu mwingine. Alikuwa ameinama, machozi yakimtiririka, na huku anacheka.

"Yule ng'ombe mweusi amezaa mapacha, Baba. Nimewazalisha mwenyewe, wewe ulisema sitaweza. Paa la jikoni tumelibadilisha. Mama anasumbuliwa na goti lakini kanisani haachi kwenda." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Baba, na kuna mtu nilitaka umwone. Nilitaka sana umwone."

Sauti ikamkatika. Baba zake wadogo wakamgonga begani, wakambeba marehemu, na Tahina akainuka pamoja nao, baba yake begani. Tarumbeta zikapanda. Wakazunguka kaburi wakicheza, wakirukaruka, wanawake wakiimba nyuma yao, na uso wa Tahina ulikuwa umefunguka kama uso wa mtoto aliyebebwa. Voahirana alikuwa amemwona Tahina akicheka mara nyingi, amemwona akiwa na furaha mikononi mwake. Hakuwahi kumwona hivi.

"Umeona?" Bi Saholy alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nimeona, Mama."

"Tangu baba yake afe hakulitaja jina lake. Chakula kwenye meza moja, wala halitaji. Leo amezungumza naye."

"Ndiyo maana uliniita?"

"Nilikuita upime, kwa sababu unajua kazi." Bi Saholy alisogea karibu. "Na nilitaka uone. Mimi si mkatili, mwanangu. Ingekuwa shauri langu, ningekuchukua siku ileile. Sijapata kuona binti wa kumfaa kama wewe. Lakini mlango huu hauna ufunguo mmoja. Nikikufungulia wewe, shemeji zangu watamfungia yeye, na mimi nitakufa nikijua mwanangu hatakuja kulala karibu nasi."

"Yule binti mwenye kofia ni nani?"

"Noro. Kaburi lao ni lile kwenye kilima cha pili. Wazee wameshazungumza."

"Tahina anajua?"

"Anajua. Hajakubali. Anakungoja wewe."

Voahirana alitoa karatasi na kalamu mkobani. "Mnataka niongeze nini ndani?"

"Kitanda kimoja," alisema Bi Saholy, na kwa mara ya kwanza alitazama pembeni. "Cha Tahina na mkewe."

Wazee waliporudishwa mahali pao, aliingia. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo na hariri mpya. Taa ilikuwa imewekwa kwenye kona. Alichora ramani ya haraka kwenye karatasi, akaanza kupima, na alipofika ukuta wa mashariki alihitaji mtu wa kushika ncha ya utepe wa kupimia. Alisikia hatua kwenye ngazi, na bila kugeuka akajua.

"Nimewaambia nitakusaidia mimi," alisema Tahina.

"Shika hapa. Shusha kidogo. Hapo."

Waliutandaza utepe kati yao, yeye huku na yeye kule, wazee wa ukoo wamelala pande zote. Vumbi lilikuwa limemganda Tahina kwenye machozi.

"Hukuniambia unakuja."

"Ulikuwa na mambo yako."

"Wanataka kujenga nini hapa?"

"Kitanda. Chako na mkeo."

Tahina aliachia ncha ya utepe, ukajikunja kwa kelele mpaka mkononi mwa Voahirana. Alivuka chumba akamshika viganja.

"Nisikilize. Nimepata kazi Mahajanga, shamba la ng'ombe, na nyumba ipo. Leo wamekula, wamelewa, hakuna atakayeniuliza. Kesho asubuhi tupande basi. Nilikuambia nitakuja kukuchukua, na nimekuja."

Alikuwa mkweli. Hilo ndilo lililomuumiza Voahirana kuliko yote, kwamba hakuwa na mwoga wa kumdharau. Mikono ile ilikuwa ya moto na ilikuwa imeshikilia kweli. Alitamani kusema ndiyo, na ndiyo ilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi.

"Ulikuwa unamwambia nini baba yako?"

"Habari tu."

"Nilisikia. Ulianza habari yangu."

"Nilishindwa kumaliza."

"Umalizie. Hajaenda mbali." Aliitazama hariri nyeupe iliyolala karibu na bega lake. "Mwambie alikuwepo binti, akaondoka mwenyewe."

"Voahirana."

"Twende Mahajanga, sawa. Utakuwa mume mwema, nakujua. Utanipenda mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tano. Halafu utafika msimu watakapoufungua mlango huu tena, na tarumbeta zitapigwa hapa, na wewe utakuwa umekaa kwenye kiti kule pwani. Nitakuletea chakula, utasema umeshiba. Hutanilaumu. Utakaa tu kwenye kiti."

"Umejuaje?"

"Baba yangu hukaa hivyo kila mwaka majira haya. Na yeye hana hata mlango wa kuukumbuka." Alivuta mikono yake taratibu. "Leo nimekuona ukiwa na baba yako, Tahina. Siwezi kuwa mtu aliyekunyang'anya hilo. Nisingeweza kukutazama usoni."

"Kwa hiyo hunitaki."

"Nakutaka mpaka nakosa pumzi. Usiniulize tena."

Tahina aliegemea jiwe, akajifunika uso. Alilia bila sauti, kwa sababu watu walikuwa nje. Voahirana alimwacha alie. Hakumgusa. Angemgusa, wangepanda basi. Alipoona mabega yametulia, aliukunjua utepe tena na kumpa ncha yake.

"Shika."

"Usinifanyie hivi."

"Mwashi anangoja. Nisomee hapo mwisho, mimi naandika."

Tahina alishika. Ilimbidi arudie mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Voahirana aliandika urefu, akaandika upana, akaandika upana tena pembeni kwa herufi kubwa, watu wawili, ili mwashi asikosee.

"Kitakuwa cha jiwe la kijivu," alisema, akiangalia karatasi yake. "Nitakiweka karibu na baba yako, upande huu. Nitauinua kidogo ukingo wa kichwani. Ni kazi yangu ya kwanza kujengwa, nitaifanya vizuri."

"Mmemaliza huko?" Sauti ya Bi Saholy ilishuka kutoka mlangoni. "Jua linataka kuzama, inabidi tufunge."

Walitazamana. Macho makubwa yale, yenye usingizi, yalimwomba kitu ambacho hakuwa nacho tena. Voahirana alitangulia kuyaondoa yake.

"Tumemaliza, Mama," alijibu.

Nje mwanga ulimpiga usoni akasimama, haoni vizuri. Watu walikuwa wakicheka, wakigombania mikeka mikuukuu waliyobebewa wazee, maana wanawake huichana na kuweka kipande chini ya godoro ili wapate watoto. Shangazi mmoja wa ukoo, mzee asiyemjua yeyote kati ya vijana, alikuwa ameushika mkeka wa baba yake Tahina na kuugawa.

"Nyinyi mabinti ambao hamjazaa, njooni." Alimpa Noro kipande, na Noro akakipokea kwa aibu, kofia ya Tahina bado iko kwapani. Kisha mzee akamwona Voahirana na kumvuta mkono. "Na wewe, mbona unajificha? Umepauka hivyo, huli? Chukua, uweke kitandani. Marehemu huyu alikuwa na mkono wa baraka."

Noro alisogea ili kumpisha, akamtabasamia.

Voahirana angeweza kusema kwamba yeye ni fundi tu. Lakini hapo angeulizwa ni fundi wa nani, na wa wapi, na kwao ni wapi. Akanyoosha mikono yote miwili, akapokea kile kipande cha mkeka.

"Asante, shangazi," alisema, akakiweka ndani ya mkoba juu ya vipimo, na kuanza kuteremka kilima kabla Tahina hajatoka.